Siku ya Uthamini Ndiyo Siku ya Fidia: Mwongozo wa Bomba, Reli na Bandari kwa Wakazi wa Mbinga na Nyasa

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ambalo wengi tunalijua kwa jina la EACOP, halipiti Mbinga wala Nyasa. Linaanzia Kabaale, Hoima, nchini Uganda, linaingia Tanzania kupitia Kagera na kuishia rasi ya Chongoleani mkoani Tanga. Mkulima wa kahawa wa Maguu au mvuvi wa usipa wa Liuli ana haki ya kuuliza linamhusu nini.

Linamhusu kwa sababu sheria zilizotumika kuchukua shamba la mkulima wa Nzega ndizo zitakazotumika siku mradi mkubwa utakapofika kwake. Na miradi haiko mbali. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inajengewa bandari ya kisasa Mbamba Bay. Reli ya Mtwara, Songea hadi Mbamba Bay imo katika mipango ya taifa. Makaa ya mawe ya Ngaka, kule Ntunduwaro katika kata ya Ruanda, yanachimbwa tangu mwaka 2011, na malori yake kila mtu anayaona barabarani. Njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Makambako imeshafika Songea. Bomba, reli, barabara na nguzo za umeme vinafanana kwa jambo moja: vyote vinahitaji ukanda mrefu wa ardhi, unaokata mashamba ya watu wengi, kila mmoja kipande kidogo.

Mwongozo huu unaeleza bomba la mafuta ni kitu gani, ardhi hutwaliwaje, fidia hupigwaje hesabu, na mahali watu wanapopoteza haki zao. Mahali hapo hasa ni siku ile mthamini anapopita shambani. Fedha utakayopokea huamuliwa siku hiyo. Siku ya malipo huja kuthibitisha tu kilichoandikwa.

BOMBA LENYEWE

Uganda ilithibitisha mwaka 2006 kwamba ina mafuta ya kutosha kibiashara katika Bonde la Albert. Nchi hiyo haina bahari, hivyo ilihitaji njia ya kuyatoa. Awali ilifikiriwa njia ya Kenya hadi Lamu, lakini Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanga. Mkataba baina ya serikali za Uganda na Tanzania ulitiwa saini Mei 2017, jiwe la msingi likawekwa Tanga Agosti mwaka huohuo, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 1, 2022. Hadi mwaka 2025 ujenzi ulikuwa umevuka nusu kwa mbali.

Urefu wake ni kilomita 1,443, na karibu sehemu nne kati ya kila tano ziko Tanzania, katika mikoa 8: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Hisa ni za TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda, UNOC, asilimia 15, shirika letu la mafuta, TPDC, asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda, kama mafuta ya mawese yanavyoganda kwenye ndoo asubuhi ya Juni huku Umatengo, milimani Mbinga. Ndiyo maana bomba hili, lenye kipenyo cha inchi 24, limevishwa koti la kuhifadhi joto na kupitishiwa nyaya za umeme ili mafuta yabaki na joto la nyuzi 50 na zaidi mpaka yafike baharini. Kazi ya kuvisha mabomba koti hilo ilifanyika Sojo, wilayani Nzega. Njiani kuna vituo sita vya kusukuma mafuta, viwili Uganda na vinne Tanzania. Bomba linafukiwa ardhini, na ukanda wa ujenzi, unaoitwa mkuza, una upana wa takriban mita 30. Chongoleani kuna matangi ya kuhifadhi mafuta na gati ya kupakilia meli.

Si mara ya kwanza kwa Tanzania kuwa na bomba refu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia yake ya mafuta. Jibu lake lilikuwa bomba la TAZAMA la kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968. Kwa miongo mingi lilibeba mafuta ghafi kwenda kusafishwa Ndola, kisha mwaka 2023 likageuzwa kubeba dizeli. Tofauti yake na EACOP ni mwelekeo: TAZAMA huingiza mafuta bara, EACOP huyatoa bara kwenda sokoni ng'ambo.

MASWALI YA VIJIWENI

Je, bomba litashusha bei ya petroli Mbinga? Usitegemee hivyo. Kinachopita ndani ya EACOP ni mafuta ghafi yanayokwenda kuuzwa nje. Hayawezi kutiwa kwenye bodaboda mpaka yasafishwe. Petroli inayouzwa Mbinga na Mbamba Bay huagizwa ikiwa imeshasafishwa, na kwa mikoa ya kusini hushushwa bandari ya Mtwara na kuletwa kwa malori. Bei yake ya kikomo hutangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikitegemea soko la dunia, thamani ya shilingi, kodi na gharama ya usafiri. Anayekushawishi utoe ardhi kwa ahadi ya petroli ya bei rahisi, mwombe aiandike.

Je, Ziwa Nyasa lina mafuta? Hakuna kisima kinachozalisha mafuta ndani ya Ziwa Nyasa. Ziwa liko katika mkondo uleule wa Bonde la Ufa uliotoa mafuta ya Uganda, na ndiyo maana kampuni za utafutaji zimelitazama kwa hamu. Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya utafutaji kwa kampuni ya Surestream, na mwaka uliofuata mzozo wa mpaka ukapamba moto. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 na kudai maji yote hadi ufukweni mwetu. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Suala lilipelekwa kwa jopo la marais wastaafu likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Na usichanganye majina: gesi ya Bonde la Ruvuma inayozungumzwa kwenye habari iko upande wa Mtwara, mamia ya kilomita kutoka hapa.

Je, naweza kulima juu ya bomba? Ardhi iliyolipwa fidia ya kutwaliwa si yako tena, na masharti ya mkuza hutolewa na mwenye mradi. Nyumba na miti yenye mizizi mirefu haviruhusiwi. Mkahawa, mparachichi na mkaratusi ni miti. Ukiambiwa utaruhusiwa kupita, kulisha mifugo au kupanda mazao mafupi, omba maandishi.

ARDHI HUTWALIWAJE

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mbinga na Nyasa ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Serikali ina mamlaka ya kuihamisha kutoka mikononi mwa kijiji kwa manufaa ya umma, na bomba, reli na bandari huingia katika kundi hilo. Lakini mamlaka hayo yana utaratibu, na utaratibu ndio ngao yako.

Kwanza, tangazo lazima lichapishwe katika Gazeti la Serikali na kupelekwa halmashauri ya kijiji. Litaje eneo na mipaka yake, sababu ya kulihitaji, na tarehe ya kuhamishwa, ambayo haitakuwa chini ya siku 90 tangu kuchapishwa.

Pili, mwanakijiji anayeguswa ana haki ya kutoa maoni yake kwa halmashauri ya kijiji na kwa Kamishna wa Ardhi.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Eneo likiwa hekta 250 au chini ya hapo, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri wa Ardhi huamua. Kwa hiyo mkutano ukiitishwa, nenda. Karatasi ya mahudhurio iliyojazwa majina ya watu ambao hawakufika ni karatasi ya hatari, maana baadaye itasomwa kuwa kijiji kizima kilikubali. Hakikisha muhtasari unasomwa mbele ya watu kabla ya kusainiwa.

Nne, na hili wengi hawalijui: sheria inasema ardhi ya kijiji haitahamishwa mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na muda wa kulipa viwe vimekubaliwa.

Sambamba na hayo, mradi mkubwa hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na jamii chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC. Katika hatua hiyo wataalamu hupita kukusanya maoni. Hapo ndipo pa kusema chanzo cha maji kiko wapi, samaki huzalia wapi, na njia ya watoto kwenda shule inakatiza wapi. Ukinyamaza katika tathmini, ni vigumu kusikika baadaye.

SIKU YA UTHAMINI

Mthamini hufika na kundi: mpima, kiongozi wa kijiji, pengine ofisa wa mradi. Wanapiga picha yako ukiwa umeshika namba, wanatembea mpaka wa shamba na kifaa cha kupimia, wanahesabu mimea, wanapima nyumba. Kisha unapewa fomu usaini. Katika muda huo mfupi ndipo maisha yako yote ya shambani yanapogeuzwa kuwa mistari ya maandishi.

Chukulia shamba la kawaida la Umatengo. Juu mlimani kuna nyumba, jiko la nje, choo, zizi na kichanja cha kukaushia kahawa. Chini yake mikahawa, mingine ya zamani iliyokatwa ikachipua upya, mingine michanga iliyopandwa msimu uliopita. Kati yake kuna migomba na miparachichi. Upande wa mteremko kuna ngoro: mashimo yaliyozungukwa na matuta manne, yaliyojengwa kwa kulaza majani kwa mistari ya kukatizana na kuyafukia kwa udongo, ili maji ya mvua yatulie badala ya kuserereka na rutuba. Pembeni kuna kaburi la babu. Bondeni kuna kisima na mfereji mdogo.

Mthamini mgeni anaweza kuona nyumba na mikahawa mikubwa, akaandika, akaondoka. Kwa hiyo tembea naye hatua kwa hatua. Mikahawa ihesabiwe mti kwa mti, na kila mti uandikwe hatua yake ya ukuaji, kwa sababu mche, mti unaozaa na mti uliozeeka hailipwi sawa. Choo, kichanja, zizi, uzio, kisima na mfereji ni maendelezo ya ardhi na vyote vina thamani. Visemwe kimoja kimoja. Ngoro ni kazi ya mikono iliyodumu vizazi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wameifanyia utafiti kama hifadhi ya udongo. Mwambie mthamini aiandike kama maendelezo, na akikataa, mwombe aandike kwamba uliomba. Mahindi na maharage ya msimu mara nyingi hayalipwi ukipewa muda wa kuvuna, kwa hiyo uliza tarehe ya mwisho ya kuvuna na uiandike.

Jambo gumu zaidi huku kwetu ni ntambo. Mgongo wa mlima unaomilikiwa na ukoo hauna jina la mtu mmoja, ila fomu inataka jina la mtu mmoja. Akiandikwa kaka mkubwa peke yake, fidia ya ukoo mzima itaingia kwenye akaunti yake. Ukoo ukae kabla mthamini hajafika, ugawe vipande au ukubaliane majina yote yatakayoandikwa, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji.

Kabla ya kusaini, soma kila mstari. Kama husomi vizuri, mwite mtu unayemwamini akusomee. Hakikisha jina lako linafanana na lililo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki, maana herufi moja ikikosewa malipo yanaweza kukwama. Usisaini fomu yenye nafasi wazi. Ukipewa fomu usiyokubaliana nayo, andika pingamizi lako hapohapo. Na usiondoke bila nakala. Kama hawana mashine ya kutoa nakala, piga picha kila ukurasa kwa simu.

Siku hiyo ndiyo pia inayoweka ukomo. Nyumba au miti utakayoongeza baada ya hapo haitahesabiwa.

HESABU YA FIDIA

Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja mafungu yanayounda fidia. La kwanza ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake. La pili ni posho ya usumbufu: thamani hiyo huzidishwa kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana ya muda maalumu ya miezi 12. La tatu ni posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya mwezi kwa bei ya soko mara miezi 36. La nne ni posho ya usafiri, gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. La tano ni faida iliyopotea kwa mwenye biashara, faida halisi ya mwezi mara miezi 36.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ardhi, nyumba na mikahawa vimethaminiwa shilingi 12,000,000. Riba ya amana ikiwa asilimia 8, posho ya usumbufu ni 960,000. Nyumba kama hiyo ikipangishwa kwa 50,000 kwa mwezi, posho ya makazi ni 1,800,000. Usafiri, tuseme 200,000. Mwenye nyumba ana duka dogo barazani linalompa faida ya 150,000 kwa mwezi: hiyo ni 5,400,000. Jumla ni 20,360,000.

Angalia duka lilivyobeba zaidi ya robo ya fedha zote. Mthamini akipita siku ambayo duka limefungwa, na wewe usiseme, robo hiyo imepotea. Akiliona lakini huna leseni, daftari la mauzo wala stakabadhi, faida utaithibitisha kwa nini? Mwenye mashine ya kusaga, kibanda cha simu au karakana ya baiskeli aanze leo kuweka daftari.

Ardhi tupu isiyo na nyumba hailipiwi usafiri wala makazi. Kwa hiyo ukiona mafungu hayo hayapo, kwanza angalia kama yanakustahili, kisha ndipo ulalamike.

KUSUBIRI MALIPO

Hapa ndipo EACOP ilipotufundisha kwa uchungu. Upande wa Tanzania mradi uligusa zaidi ya watu 9,000, wanaoitwa waguswa wa mradi. Uthamini ulianza 2018, na wengi walisubiri miaka kadhaa kabla ya kulipwa, huku wakiwa wameambiwa wasiendeleze maeneo yao. Shilingi iliyoandikwa mwaka wa uthamini hainunui ekari ileile miaka mitatu baadaye. Mashirika ya haki za binadamu yalilipigia kelele jambo hilo, na Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuukosoa mradi Septemba 2022. Kwa upande wa pili, mradi uliahidi kufuata viwango vya IFC (Shirika la Fedha la Kimataifa): familia zilizopoteza makazi ziliweza kuchagua nyumba mbadala badala ya fedha, na waguswa wakapewa msaada wa chakula wa kipindi cha mpito.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ina kinga mbili za kukariri. Fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu jedwali la uthamini liidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ikichelewa, inaanza kuzaa riba. Na uthamini unadumu miaka miwili. Muda huo ukipita bila malipo, lazima uthamini ufanywe upya. Kwa hiyo uliza na uandike tarehe ya idhini ya Mthamini Mkuu. Bila tarehe hiyo huwezi kudai riba wala uthamini mpya.

Kuhusu kulima wakati wa kusubiri, usikubali agizo la mdomo. Omba barua inayosema kipi kinaruhusiwa na hadi lini. Familia haiwezi kukaa miaka mitatu bila maharage kwa sababu ya maneno ya mtu aliyepita na gari.

WANAOSAHAULIKA

Wanandoa. Ardhi ya familia ilindwe na saini mbili. Mke atake jina na saini yake viwepo kwenye fomu, na familia ifikirie akaunti ya pamoja. Wake wa ndoa za wake wengi na wajane wanaoishi kwenye ardhi ya ukoo wajieleze mapema katika kikao cha ukoo na kwa mtendaji.

Wapangaji na waliokodi shamba. Ardhi si yao, lakini mazao na biashara ni vyao. Makubaliano yao na mwenye shamba yaandikwe kabla ya uthamini.

Wavuvi. Sheria ya fidia imejengwa juu ya ardhi na kilicho juu yake. Mvuvi wa Lituhi au Ndumbi anayeanika usipa mchangani na kuvua mbasa kwenye maji ya wote hana shamba la kuthaminiwa, na mara nyingi hana kibali cha kujenga, kwa kuwa sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Gati au meli nyingi zikimfukuza, anaweza kutoka mikono mitupu. Nafasi yake kubwa ni tathmini ya mazingira na jamii. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za mwalo, yaani BMU, kipeleke orodha ya wavuvi, vyombo, zana na maeneo ya kuanikia, kitake mpango wa kurejesha kipato uandikwe katika ripoti. Mradi unaotegemea mikopo ya kimataifa hubanwa na Kiwango cha 5 cha IFC, ambacho hutambua hata kipato cha asiye na hati.

Wafu. Makaburi huhamishwa kwa utaratibu wa Sheria ya Kuondoa Makaburi ya mwaka 1969. Yaonyeshwe siku ya uthamini, hata yaliyofunikwa na majani. Gharama za mila na ibada zijadiliwe kabla ya kufukua.

UKIWA NA MALALAMIKO

Anza na dawati la malalamiko la mradi na ofisi ya ardhi ya halmashauri, kwa barua, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana kumbukumbu. Ugomvi wa mipaka kati ya majirani au ndugu huanzia baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka kuishtaki serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri husikilizwa Mahakama Kuu. Kwetu iko Songea.

Usichelewe. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua kesi dhidi ya EACOP katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 2023 mahakama hiyo iliitupa kwa sababu ilifunguliwa nje ya muda, na hoja zenyewe hazikusikilizwa. Kama mawakili walikwamishwa na kalenda, mkulima naye aihofu.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako wapi.

KAZI, BIASHARA NA USALAMA

Ajira nyingi za bomba na reli huja wakati wa ujenzi. Bomba likishafukiwa huhitaji watu wachache wenye ujuzi. Kijana anayetaka nafasi ya kudumu asomee uchomeleaji wenye cheti, umeme au uendeshaji mitambo VETA kabla mradi haujaanza. Kwa wafanyabiashara katika sekta ya mafuta, EWURA ina kanzidata ya watoa huduma na wasambazaji wa ndani. Kampuni au kikundi kisichosajiliwa humo huachwa hata kama kina mahindi na maharage bora kuliko wote. Kambi ya ujenzi hununua kwa mkataba, stakabadhi na kodi, haipokei gunia la mkopo.

Usalama ni wa kila siku, bomba liwepo au lisiwepo. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Malori kama hayo yanapanda na kushuka kona za Mbinga hadi Mbamba Bay. Lori likipinduka, usisogee, zima moto na simu, zuia watoto, piga 114 kwa Zimamoto au 112 kwa Polisi.

ANZA SASA

Haya hayahitaji kusubiri mradi wowote:

Hakikisha kijiji chako kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi.

Omba hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mwenza liwemo.

Maliza mirathi iliyolala. Shamba linalosomeka kwa jina la marehemu halina wa kusaini fomu.

Itisha kikao cha ukoo kuhusu ntambo, na muhtasari uandikwe.

Panda alama za mipaka ukiwa na majirani zako wote.

Weka daftari la mavuno ya kahawa na stakabadhi za chama cha msingi. Hizo ndizo zitakazosema shamba lako linazaa kiasi gani.

Piga picha za nyumba, miti, ngoro, kisima na makaburi, na uhifadhi nakala kwa ndugu aliye mbali.

Mwenye vitu hivi saba humpokea mthamini akiwa amejipanga. Asiye navyo atathaminiwa kwa macho ya mgeni.